Uso wa Rubani Sirio

Mume mwenzangu aliletewa maboksi matatu ya chokoleti mwaka huu. Mimi sikupata hata kipande.

Yaliletwa na Hagiwara, mhariri wa mke wangu, akayapandisha ngazi mpaka ghorofa ya pili, jasho likimtoka katikati ya baridi ya Februari, akayatua sebuleni kwetu hapa Nerima kama mshenga aliyefikisha mahari. Maboksi yote yameandikwa jina moja: Rubani Sirio. Sasa huyo Rubani Sirio hana anwani, hana meno wala tumbo. Ni wino juu ya karatasi. Mke wangu ndiye anayemchora, na wasomaji wanalijua hilo vizuri kabisa, lakini ikifika siku ya wapendanao wanamtumia chokoleti zake kupitia ofisi ya jarida, kila moja na kikadi chake, utadhani atapita kuzichukua akitoka kazini.

"Mwaka jana yalikuwa mawili," Hagiwara alisema akijifuta shingo. "Hongera sana, Mwalimu. Yule mwanamfalme wa jarida la jirani hakujaza hata moja."

Chizuru, mke wangu, ambaye kwa heshima ya kazi yetu huitwa Mwalimu, aliingiza miguu chini ya blanketi la meza fupi yenye hita chini yake akaanza kusoma vikadi. Kimoja kilimchekesha peke yake mpaka akajiziba mdomo. Mwanamke ana miaka arobaini na tisa, na pale alionekana kama msichana aliyepitishiwa kikaratasi darasani.

"Wanasemaje?" nikauliza.

"Wanamshukuru."

"Kawafanyia nini?"

"Hajawafanyia kitu. Wanamshukuru alivyo tu."

Nilifungua boksi la juu, nikachagua chokoleti kubwa kuliko zote, yenye nyota za sukari, nikaila yote nimesimama. Ilikuwa tamu sana, na utamu wake ndio ulioniudhi zaidi.

"Hiyo si yako," Chizuru alisema bila kuinua macho.

"Mwenyewe akiitaka aje aidai."

Hagiwara alicheka. Chizuru hakucheka, alikuwa ameshachukua kikadi kingine.

Sirio nilimjua mimi kwanza, hilo watu wanalisahau. Miaka ishirini iliyopita, nchi nzima ilipokuwa inakimbilia nyumbani kuwahi katuni ya televisheni iitwayo Obiti ya Tisa, mimi nilikuwa miongoni mwa waliokuwa wanaichora. Mashine zote zilikuwa zangu. Lile dude la chuma, Tetsugane, ambalo watoto walilala nalo kitandani, lilitoka kwenye mkono huu. Sirio alikuwa dereva wake tu. Alipanda, akapiga adui, akashuka, akasimama dirishani kutazama nyota, basi. Maneno aliyoyasema tangu kipindi cha kwanza hadi cha mwisho hayajazi ukurasa. Huyo alikuwa mwanamume ninayemwelewa.

Baadaye wenye katuni wakaona wasichana wa zamani wamekuwa wanawake wenye mishahara, wakabuni hadithi ya pembeni. Haina vita wala adui. Ni mapenzi matupu kati ya Sirio na Nazuna, yule fundi mitambo aliyekuwa akipita nyuma ya picha na spana yake. Wakaiita Chai Kabla ya Kuruka, ikawekwa kwenye jarida la kina mama, na mchoraji aliyepewa kazi ni Chizuru, kwa kuwa maisha yake yote amechora mapenzi. Mimi wakati huo kazi zilikuwa zimenikauka. Mashine siku hizi wanazichora kwa kompyuta. Nikaisogeza meza yangu ikagusana na yake, nikawa msaidizi wa mke wangu.

Tunafanya hivi. Chizuru anachora nyuso, mikono, na chochote kinachohusu moyo. Mimi nachora mashine, milango, mabomba na madirisha. Bi Tomoe, mjane wa nyumba ya mkabala ambaye tumekuwa naye miaka mingi, anafuta penseli na kujaza weusi. Sote bado tunatumia karatasi na wino, maana Chizuru hataki kusikia habari za kuchora kwenye kioo cha kompyuta. Uso ni mali ya mwalimu. Msaidizi akigusa uso wa mhusika mkuu, katika kazi hii yetu, amefanya jambo la aibu, hata kama msaidizi ndiye mume wa mwalimu mwenyewe.

Hilo halikunisumbua. Tetsugane siku hizi anasimama pembeni ya picha, maua yamemfunika magoti, na vivuli vya hayo maua nimevichora mimi nikiwa kimya. Kilichonimaliza ni tabia za Sirio.

Alianza kidogo kidogo. Siku moja akavuta sahani ya Nazuna, akamtolea miiba samaki wake, akairudisha bila neno. Wasomaji wakaandika barua mpaka ofisi ikakosa pa kuziweka. Sura iliyofuata akamngoja na mwavuli kwenye lango la bustani iliyomo ndani ya chombo chao cha angani, kwa sababu siku hiyo mvua ya bandia ilikuwa inafunguliwa. Halafu akamwuliza, "Umechoka?" Ukurasa mzima uliofuata haukuwa na neno hata moja. Alikuwa anangoja jibu. Mabomba ya nyuma yake niliyachora mimi, mabomba kibao kwa ajili ya mwanamume asiyefanya kazi yoyote isipokuwa kumngoja mwanamke aseme kama amechoka.

Sasa, Chizuru ana kauli yake anayomwambia kila anayetaka kujifunza: huwezi kuchora usichokiona. Akitaka kuchora birika, ananunua birika. Kwa ajili ya skrubu moja alinifungulisha bomba la jikoni, tukakaa bila maji mpaka jioni. Kwa hiyo nikajiuliza kama mtu mwenye akili timamu. Miiba ya samaki aliiona wapi ikitolewa? Kwangu hakuiona. Mimi nimekulia kwenye nyumba ya wavulana watano, nakula haraka na sahani yangu nailinda. Mwavuli je? Sijawahi kumfuata stesheni na mwavuli hata siku moja, ana miguu. Basi kuna mtu aliyemfanyia, na yeye akatazama vizuri kiasi cha kuweza kuchora. Nilipofika hapo kwenye mawazo, nikaanza kumtafuta.

"Bwana Segawa," Bi Tomoe aliniambia asubuhi moja, Chizuru akiwa jikoni, "ukizidi kubonyeza kalamu hivyo utatoboa karatasi."

"Bi Tomoe, wewe ni mwanamke."

"Nashukuru umegundua."

"Hebu niambie. Mwanamke anatoa wapi mambo kama haya?" Nikamwonyesha Sirio na mwavuli wake.

Alivaa miwani, akatazama. "Mimi? Sitoi popote. Marehemu wangu alikufa hajui chumvi inakaa wapi. Ndiyo maana nanunua jarida." Akacheka, halafu akaniangalia usoni akaacha. "We. Usiniambie unamwonea wivu mtu wa karatasi."

"Nauliza tu."

"Eti anauliza tu. Umenuna mpaka umefanana na Tetsugane."

Nilimwacha acheke. Mtu wa karatasi simwogopi. Niliyekuwa namtafuta ni yule wa nyama aliyejificha nyuma yake.

Nilianza na Hagiwara. Ana miaka thelathini na kitu, mashati yake yamepigwa pasi, na akisema "Mwalimu" utadhani ana asali kooni. Kila wiki yuko kwetu. Nikamwalika chakula cha mchana, jambo lililomshangaza Chizuru, kwa kuwa mimi huwa sialiki mtu. Nilinunua vibua wakubwa, nikawachoma kwa chumvi, nikampangia Hagiwara mmoja mzima mbele yake, nami nikakaa nikiikodolea macho sahani yake.

"Bwana Segawa, una samaki wazuri," alisema.

"Kula tutaona."

Alimwua yule samaki mara ya pili. Alimchoma vijiti vya kulia tumboni, akamgeuza, akamvuruga mpaka nyama na miiba ikawa uji mmoja. Halafu mwiba ukamkwama. Chizuru akainuka akampiga mgongoni huku Hagiwara akikohoa na kuomba radhi. Nilifurahi nikamwongezea wali. Mtu wa namna ile hawezi kumtolea mwanamke miiba, labda amwongezee. Hata hivyo niliona Chizuru amempiga mgongoni mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na hilo lilinikera mpaka jioni.

Akabaki tabibu wa mifupa. Bega la Chizuru na kidole gumba chake vimekwisha kwa kalamu, na kila Jumatano anakwenda kukandwa karibu na stesheni ya Oizumi. Anarudi ametulia, mashavu yana rangi. Mwanamke anayerudi mahali na mashavu yenye rangi, mumewe ana haki ya kujua huko kuna nani. Nikavaa kofia na barakoa, nikamfuata kwa mbali, nikachungulia kwenye kioo cha mlango. Tabibu alikuwa bibi kizee mwenye mikono ya mcheza sumo, na mke wangu amelala kifudifudi, anagugumia kwa maumivu, uso ameugeuzia mlangoni.

Chizuru alitoka na koti begani. "Unafanya nini hapa?"

"Napita."

"Kwenda wapi? Njia hii inaishia ukutani."

Tulirudi nyumbani pamoja, yeye mbele, mimi nyuma, na hakuniuliza tena. Kutoulizwa kulinichoma. Nilimwona kama mtu mwenye siri asiyetaka mazungumzo yafike karibu nayo.

Ndipo hadithi ikafika sura ya busu.

Wasomaji walikuwa wameingoja miaka miwili. Sirio na Nazuna, kwenye karakana, chini ya mguu wa Tetsugane, picha moja kubwa inayojaza ukurasa. Mguu niliuchora mimi, kila njumu mahali pake. Nao wawili aliwachora Chizuru, na alikaa juu ya ukurasa ule siku tatu. Ana mazoea, na wachoraji wengi wanayo: uso anaouchora anauvaa. Akichora mtu anayelia, mdomo wake unapinda. Akichora mwenye hasira, anafinya pua. Basi kwa siku tatu nilikaa mita moja kutoka kwa mke wangu, kope zake zimelegea, midomo imefunguka kidogo, kichwa kimeinama upande. Nilisubiri ageuke aniangalie hata kwa bahati mbaya uso ule ukiwa bado haujamtoka. Kila akigeuka, ulikuwa umeshazimika, ananiomba kifutio.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, aliiacha kalamu, akajinyoosha, akasema anakwenda kulowesha kidole kwenye maji ya moto. Hagiwara alikuwa anakuja saa kumi kuchukua kurasa, kiwanda cha uchapaji kinangoja. Bi Tomoe alikuwa anasafisha brashi kwenye sinki. Ukurasa ukabaki wazi kwenye meza, na mimi mbele yake.

Sirio alikuwa mzuri, huyo mbwa. Taya limetulia, nywele zimemwangukia. Nikachukua penseli ya buluu nikamchora X usoni, sikio hadi kidevu, kipaji hadi shavu.

Kwetu X ya buluu ina maana moja tu: hapa pajazwe weusi. Kila msaidizi anaijua kabla hajajua mahali pa kuweka viatu. Nilijua maana yake? Nilijua. Nilitaka pajazwe? Hapo sina jibu, na sitaki kulitunga. Nilichukua koti nikatoka kutembea kando ya mto Shakujii, nikawatazama bata wawili wawili, nao wakaniudhi.

Niliporudi, wote wawili walikuwa wamesimama mezani. Chizuru ameushika ukurasa kwa mikono miwili. Nazuna alikuwa amesimama kwa ncha za vidole, macho amefumba, viganja vyake juu ya kifua cha rubani. Juu ya ukosi wa rubani, pale penye uso, palikuwa na shimo jeusi linalong'aa, wino bado haujakauka.

"Palikuwa na alama, Mwalimu," Bi Tomoe alikuwa anasema, mkono kifuani. "Nikadhani umetaka kivuli. Nikasema moyoni, loo, Mwalimu leo ana ujasiri."

"Si kosa lako," Chizuru alimwambia. Ncha za buluu zilionekana pembeni mwa weusi. Akanigeukia mimi.

"Ni mimi," nikasema.

Bi Tomoe akakumbuka ghafla kwamba kwake hakuna maziwa. Alivaa koti lake, na alipopita karibu yangu akaninong'oneza, "Leo usijifanye bubu."

Mlango ulipofungwa, Chizuru aliuliza, "Kwa nini?" Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Ni nani?"

"Nani nani?"

"Huyo. Anayekutolea miiba. Anayekungoja na mwavuli. Umemwona wapi?"

Niliona anaunganisha mambo. "Ndiyo maana ulikuwa unachungulia kwa tabibu."

"Nijibu."

"Na Hagiwara? Wale samaki wote walikuwa kwa ajili hiyo?"

"Chizuru, nijibu. Mimi si mtoto."

Aliuweka ukurasa chini taratibu. "Hakuna mtu, Kunihiro."

"Lazima yupo. Wewe mwenyewe unasema huwezi kuchora usichokiona. Bomba la jikoni ulinifungulisha kwa skrubu moja."

"Nilikuona wewe."

Nakiri moyo wangu uliruka. Miaka yote hii, nikasema moyoni, kumbe ni mimi, kumbe nilifanya jambo fulani nikasahau. Nilikuwa naanza kutabasamu.

"Nilikuona unakula samaki wako," alisema, "unamaliza, unainuka, mimi bado napambana na miiba. Nikageuza. Nilikuona umekaa hapo ulipo, mvua inanyesha, naingia nimelowa chapachapa, unaniuliza taulo kubwa liko wapi kwa sababu wewe unataka kuoga. Nikageuza. Kila anachokifanya Sirio nimekitoa kwako. Nakutazama, halafu nachora kinyume chake. Ni rahisi, kazi inakwenda haraka."

"Kwa hiyo hayupo."

"Hayupo. Angekuwepo mtu kama yule, unadhani ungenikuta hapa? Ningeshaondoka siku nyingi."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayekuambia duka linafungwa saa ngapi. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa jina, kwa mtaa, kwa mwanamume mwenye shati na ukosi wa kushikwa. Nilikuwa nimeshapanga nitakalomwambia. Nikawa natamani awepo, nawaambieni ukweli, nilitamani awe hata Hagiwara. Mtu ningemshinda au angenishinda tukajua. Huyu hakuwepo, na alikuwa ameshanishinda.

Chizuru alikuwa ameshageukia saa ya ukutani. Alikata kipande cha karatasi ile ile, ukubwa wa uso, maana kosa la wino kwetu linatibiwa kwa kiraka. Akachovya kalamu. Mstari wa kwanza ulitetemeka. Wa pili ukakatika, kalamu ikamtoka ikaviringika mezani. Kidole gumba chake kilikuwa kimekakamaa kama kijiti, siku tatu zile zilikuwa zimekimaliza. Alijaribu kukinyoosha kwa mkono mwingine, machozi yakamlengalenga, sijui ni ya kidole au ya nini.

"Siwezi," alisema.

"Nitachora mimi."

"Wewe unachora mashine."

"Nielekeze."

Alisita. Uso ni mali ya mwalimu, na mwalimu alikuwa anapima ni aibu ipi iliyo kubwa zaidi. Halafu akavuta kiti akakaa pembeni yangu.

Nilianza kama ninavyoanza chumba cha rubani, mstari wa katikati, mistari ya vipimo. Akaniambia taya limekuwa la chuma, nilainishe. Akaniambia nyusi zile ni za vita. Nikafuta. Pua ikakubalika.

"Macho nayafumba," nikasema.

"Hapana. Anamtazama."

"Wakati wa busu? Watu hufumba."

"Wewe hufumba."

Nikafuta kope nilizoanza. "Anatazama nini sasa?"

"Anamtazama yeye. Hataki kukosa kitu. Kama amechoka, kama ana baridi, kama kuna neno alitaka kusema likaishia njiani. Anatazama hayo yote, na hana haraka."

Nilichora. Akatikisa kichwa. Nikachora tena, akasema huyo anatazama saa. Nikachora mara nyingine, akasema huyo ana njaa.

"Basi nionyeshe," nikamwambia. "Siwezi kuchora nisichokiona."

Alinigeukia. Tulikuwa karibu, magoti yetu yanagusana chini ya meza. Niliona anajaribu, kwa kweli alijaribu, uso ukaanza kulegea kwenye kope, halafu ukakwama. Akajaribu tena. Halafu akageuka, akatazama dirishani, kwenye waya za umeme na paa la Bi Tomoe, na pale pale ukaja wote, midomo, kope, kila kitu, mwororo namna ambayo sikujua uso wa mke wangu bado unaweza.

Nikamchora hivyo, kwa upande, akilitazama dirisha. Mkono ulifanya kazi yake, huo ni mkono wa fundi, lakini ndani nilikuwa naungua. Niliwahi kumwonea wivu mtu wa karatasi, na mhariri, na tabibu nisiyemjua. Siku hiyo nililionea wivu paa la jirani na waya zake.

"Hapo," alisema alipouona. "Usiguse tena."

Nilikata kiraka, nikakibandika juu ya weusi, nikaunganisha mistari ya shingo na nywele mpaka pasionekane mshono. Kengele ikalia. Hagiwara aliingia akiomba radhi kwa kuwahi, akazihesabu kurasa kwa ncha ya kidole, alipofika kwenye ile akasimama.

"Mwalimu," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na asali. "Sirio wa namna hii hujawahi kumchora."

"Asante," Chizuru alimjibu.

Ilikuwa sawa. Uso ni mali ya mwalimu. Hagiwara alifungua bahasha kubwa aingize kurasa, lakini Chizuru akanyoosha mkono wake usiouma.

"Nipe ule mmoja kidogo."

Akaupeleka dirishani penye mwanga, akaushika mbele yake. Hagiwara alinitazama, akatazama saa yake, akanitazama tena, kwa kuwa kiwanda kilikuwa kinangoja na mtu wa kumwambia Mwalimu afanye haraka ni mumewe. Sikumwambia. Mke wangu alikuwa anamtazama yule mtu niliyemchora mwenyewe, macho yake wazi, hakosi kitu wala hana haraka, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake mahali ambapo angeniona kama angegeuka.

Hakugeuka.